Mbili, Kimya, Mbili

Mashine ya kupimia ya vijana wa Kanyenye
haina mdomo wa kuingia gari hili.
Carina ya mwaka tisini na tatu, soketi ya kizamani.
Vijana wakafunga boneti, wakafuta mikono,
wakamwambia Mwalimu Kalunde aliuze kwa kilo.

Akaja kwangu, Isevya, saa nne, jua limeshakomaa,
na sensa tatu mpya ndani ya mfuko wa rambo.
Zote zilifungwa, zote zikafunguliwa.
"Likivuka reli tu, taa inawaka," alisema.
Nadhani ndivyo alivyosema.
Nilimgeuzia sikio la kulia,
la kushoto nililiacha karakana ya treni,
miaka kumi na minane ya nyundo juu ya chuma.

Nikatafuta waya, kipande cha inchi nne,
nikakimenya ncha mbili kwa meno,
nikaunga tundu la TE1 na tundu la E1.
Washa swichi, Mwalimu, usipige stata.
Tukainamia dashibodi.

Taa ikakonyeza.
Mbili.
Kimya.
Mbili.
Kisha kimya kirefu, kama mtu anayemeza mate
kabla ya kurudia jina lake kwa karani.
Mbili. Kimya. Mbili.

Vijana huziita kodi, namba hizi,
kana kwamba gari linadaiwa na serikali.
Ishirini na mbili: joto la maji.
Kompyuta imeuliza injini ina homa kiasi gani
na hakuna aliyejibu.

Hapa ndipo watu hukimbilia dukani.
Barua haikufika, wao wanamfukuza mwandishi;
tarishi hata hajaulizwa.

Tena kompyuta ikikosa jibu haisimami. Inabuni.
Inajiwekea nyuzi themanini na kuendelea na kazi.
Asubuhi ya Juni, maji ya rejeta baridi kama ya mtungi,
yenyewe inaapa themanini,
inabana petroli, injini inakohoa,
inazimika mbele ya wanafunzi waliopanga mstari.
Siicheki.
Neno likianguka upande wangu wa kushoto
nami nabuni langu, mazungumzo yanasonga.
Mke wangu aliniagiza karanga, nikarudi na kanga,
doti nzima, nyekundu.
Siku hiyo hakunisahihisha.

Sensa ya kwanza, ya kiwandani,
Mwalimu alikuwa ameitunza kwenye droo ya dashibodi.
Nikaichovya ncha kwenye kikombe changu cha chai,
mita mkononi: ukinzani ukashuka taratibu, bila kuruka.
Nzima kabisa. Ilifukuzwa kazi ikiwa nzima.

Basi nikaufuata waya kwa vidole, macho nimefumba,
nyuma ya injini, kwenye kona isiyofika tochi,
hadi kidole kikagusa kitu kilichonata.
Nta.
Kipande cha sega, kikavu, na mavi ya panya pembeni.
Alikaa hapo, mnyama yule, juu ya joto la injini,
akala asali ya wizi, na alipoimaliza
akaendelea na waya.
Ulibaki uzi mmoja wa shaba,
barabara nyoofu unashika, relini unaachia.

Mwalimu akakinusa kile kipande muda mrefu.
"Ya Sikonge," alisema. "Msimu wa mwisho wa Mihambo.
Debe lilikaa bandani, sikuwa na moyo wa kulifungua."
Hilo nililisikia lote.

Nikachomelea risasi, nikazungusha utepe,
nikachomoa fyuzi, nikahesabu hadi sitini
ili gari lisahau.
Yeye sega lile alilifunga kwenye leso.

Nilishika usukani mwenyewe, tukaenda relini.
Mataruma yakatupiga mara mbili, taa ikalala.
Tulirudi, tukavuka tena. Ikalala.
Upande wangu wa kushoto Mwalimu akasema neno,
fupi, uso ameuelekeza dirishani.
Themanini ilikuwa tayari kwenye ulimi wangu:
"Ndiyo, Mwalimu."
Nikasimamisha gari. Nikageuza kichwa chote.
Sikukusikia, nikamwambia. Rudia.